Gango la Kidole Gumba: Namna ya Kulichagua

Msimu wa kupandikiza mpunga unapofika Igawa, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kidole kimoja. Mpandikizaji huinama ndani ya jaruba, mkono mmoja umeshika fungu la miche. Mkono wa pili huchomoa miche miwili au mitatu, na kidole gumba huisukuma ndani ya tope. Ikiwa mashina yamepangwa kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, mita moja ya mraba huchukua mashina 25. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Mwanafunzi akizidisha ataona kwamba ekari moja hudai mashina zaidi ya 100,000, na kila shina ni msukumo mmoja wa kidole gumba.

Igawa iko kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, mahali ambapo mto Mbarali huteremka kutoka milimani na kuingia katika bonde la Usangu. Maji ya mto huo ndiyo yanayonywesha majaruba, na majira ya maji hayamngoji mtu. Kwa hiyo mkulima anayeumwa kidole gumba wakati wa kupandikiza hukabiliwa na swali lisiloweza kuahirishwa: je, apumzike na kuukosa msimu, au atafute kitu cha kukifunga kidole ili aendelee na kazi?

Kitu hicho, kwa Kiswahili, ni gango. Neno hili lina asili moja na kuganga na mganga, nalo ladokeza kwamba kukishikilia kiungo kilichoumia ni tiba ya tangu zamani. Siku hizi magango ya kidole gumba huuzwa madukani kwa namna nyingi: ya kitambaa cha kuvutika, ya mpira mwepesi uitwao neopreni, ya ngozi, ya plastiki ngumu, na mengine yenye vipande vya chuma ndani yake. Yote huitwa dawa ya maumivu ya kidole gumba. Lakini maumivu ya kidole gumba si ugonjwa mmoja, na gango linalomfaa mtu mmoja laweza kumdhuru mwingine.

Kidole kinachowakabili wenzake

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Usemi huo huhimiza umoja, lakini ndani yake mna somo la anatomia. Vidole vinne vya mkono, hata vikiungana vyote, haviwezi kumbana chawa vizuri iwapo kidole gumba hakipo upande wa pili. Uwezo wa kidole gumba kugeuka na kukabili ncha za wenzake ndio unaoufanya mkono wa binadamu kuwa chombo cha kazi.

Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara. Na afungwe kidole gumba pamoja na kiganja kwa kitambaa laini, kisha ajaribu kufunga kifungo cha shati, kuandika kwa chaki na kufungua kizibo cha chupa. Katika dakika tano atakuwa amejua mambo ambayo kitabu kingeyaeleza kwa kurasa nyingi.

Siri ya uwezo huo iko shinani, pale kidole gumba kinapokutana na kifundo cha mkono. Mfupa wa kwanza wa kiganja hukaa juu ya mfupa mdogo uitwao trapeziamu, na nyuso zao hupachikana kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Umbo hilo huruhusu kidole kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kujizungusha kidogo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Uingereza, John Napier, alieleza kuwa mkono hushika vitu kwa njia kuu mbili: mshiko wa nguvu, kama wa kushika mpini wa jembe, na mshiko wa ustadi, kama wa kushika sindano. Katika njia zote mbili kidole gumba kina kazi yake.

Tanzania ina ushahidi wa kale wa jambo hili. Mwaka 1960 mifupa ya mkono ilichimbuliwa katika Bonde la Olduvai, ikiwamo trapeziamu. Umri wake ni zaidi kidogo ya miaka milioni 1.7. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na Napier waliipa jamii hiyo jina la Homo habilis, maana yake mtu mwenye ustadi. Karibu zaidi na Igawa, msafiri atokaye Iringa kuelekea Mbeya hupita jirani na Isimila, ambako shoka za mawe zilizochongwa na watu wa kale zingali zinaonekana. Hakuna shoka la namna ile liwezalo kuchongwa na mkono usio na kidole gumba imara.

Hesabu ya nyenzo

Kwa nini basi kiungo hiki chenye ustadi mwingi huumia upesi? Jibu limo katika somo la nyenzo linalofundishwa sekondari.

Tuseme mtu anabana kitu kwa ncha ya kidole gumba kwa nguvu ya nyutoni 10, ambayo ni takribani uzito wa kilo moja. Ikiwa kiungo cha shinani kiko umbali wa sentimita 10 kutoka ncha hiyo, momenti ya nguvu ni 10 × 10, yaani nyutoni-sentimita 100. Kano zinazoipinga momenti hiyo hupita karibu sana na kiungo. Zikiwa umbali wa sentimita 1 tu, hazina budi kuvuta kwa nguvu ya nyutoni 100 ili kuleta mizani. Mvuto huo wote huugandamiza mfupa mmoja juu ya mwingine.

Huu ni mfano uliorahisishwa, kwa kuwa mkono halisi una misuli mingi inayovuta kwa pembe mbalimbali. Hata hivyo hauko mbali na ukweli. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Cooney na Chao, walikokotoa nguvu hizo na kukadiria kwamba kila kilo moja inayobanwa kwenye ncha ya kidole huwa kilo 12 hivi katika kiungo cha shinani. Katika mshiko wa nguvu nyingi mzigo huo waweza kufikia kilo 120.

Mzigo wa namna hiyo hubebwa na gegedu, yaani utando mlaini unaofunika ncha za mifupa. Gegedu haina mishipa ya damu, na kwa hiyo ikichakaa haijijengi upya kwa urahisi. Kadiri umri unavyoendelea, hasa kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, gegedu ya shina la kidole gumba huweza kupungua, mifupa ikaanza kusuguana, na kiungo kikavimba na kutokeza kama kifundo. Huo ndio uchakavu wa kiungo. Kazi peke yake si chanzo chote, kwani urithi na ajali za zamani huchangia. Lakini kiungo kilichokwisha chakaa huisikia kila kazi.

Watu watatu, maumivu ya namna tatu

Na wachukuliwe watu watatu wa mfano katika mji kama Igawa, ambao kila mmoja anasema, "Kidole gumba kinaniuma."

Wa kwanza ni mama wa miaka 60 aliyepandikiza mpunga maisha yake yote. Maumivu yake yako shinani mwa kidole, na huzidi anapobana, anapokamua nguo au kufungua kifuniko. Huu yaelekea ni uchakavu wa kiungo cha tandiko. Gango linalomfaa ni fupi: linakumbatia shina la kidole na sehemu ya kiganja, linaizuia mifupa miwili isiteleze, lakini linakiacha kifundo cha mkono huru na ncha ya kidole huru. Akifungwa gango refu lifikalo katikati ya mkono, hataweza kufanya kazi, naye atalivua na kulitupa.

Wa pili ni mama kijana aliyejifungua miezi miwili iliyopita. Maumivu yake hayako katika kiungo bali ubavuni mwa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na humchoma anapomwinua mtoto kwa kumshika makwapani. Hapo kano mbili za kidole gumba hupita ndani ya ala nyembamba. Ala ikinenepa, kano hukwaruzwa. Ugonjwa huu huitwa kwa jina la Fritz de Quervain, mganga mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Mama huyu akipewa gango fupi la yule wa kwanza hatapata nafuu, maana kano zake huendelea kusogea kila kifundo kinapopinda. Gango lake ni refu: hushika kidole gumba pamoja na kifundo, na kuiacha ncha ya kidole huru. Pamoja na gango hufaa ajifunze kumwinua mtoto kwa kumpakata kutoka chini, viganja vikielekea juu.

Wa tatu ni kijana wa bodaboda aliyeanguka huku ameshika usukani. Kidole gumba kilisukumwa nje kwa nguvu, na sasa hawezi kubana hata ufunguo. Yamkini ligamenti, yaani ukanda unaofunga mfupa na mfupa, imekatika upande wa ndani wa kiungo cha katikati. Mwaka 1955 Campbell aliona jeraha la jinsi hii kwa watunza wanyama wa Scotland, ambao ligamenti hiyo ililegezwa na kazi ya kuvunja shingo za sungura. Ikiwa ligamenti imechanika kidogo, gango gumu kwa majuma kadhaa huiponya. Lakini mwaka 1962 Bertil Stener wa Sweden alionyesha kwamba ligamenti iliyokatika kabisa huweza kukunjika, na utando wa msuli ukaingia katikati ya ncha mbili. Hapo hata gango bora kuliko yote haliwezi kuziunganisha. Upasuaji unahitajika, na ukicheleweshwa matokeo huwa hafifu.

Kutokana na mifano hii kanuni moja yaonekana wazi. Gango jema huzuia ule mwendo mmoja unaoumiza, na kuiacha miendo mingine yote huru. Kwa hiyo swali la kwanza si "Gango gani ni imara?" bali "Ni sehemu gani inayouma, na ni mwendo gani unaoiumiza?"

Mambo ya kuangalia wakati wa kuchagua

Mahali pa maumivu pakishajulikana, gango lenyewe lipimwe kwa mambo yafuatayo.

1. Mkao wa kidole. Ndani ya gango kidole gumba kikae kana kwamba mtu ameshika bilauri: mbali kidogo na kiganja, kikivikabili vidole vingine. Gango linalokilaza kidole ubavuni mwa kiganja hukinyima kazi yake na huweza kukikakamaza.

2. Kipimo. Mzingo wa kifundo cha mkono na wa shina la kidole upimwe kwa utepe. Mkono wa kulia na wa kushoto hutofautiana, na gango la mmoja haliwi la mwingine isipokuwa limetengenezwa hivyo. Ukingo wake usivuke mstari wa kiganja ambapo vidole hujikunja.

3. Mbano. Baada ya kulivaa, ukucha ubonyezwe hadi uwe mweupe, kisha uachiliwe. Rangi yake ikichelewa kurudi, au vidole vikifa ganzi, gango limebana mno. Alama nyekundu kwenye ngozi isiyofutika kwa dakika 20 baada ya kulivua ni dalili kuwa mahali hapo panasuguliwa.

4. Maji na tope. Neopreni hutia joto na kuvumilika, lakini gango lake hushika maji. Ikivaliwa ndani ya jaruba siku nzima ngozi hulainika na kuchubuka. Plastiki ngumu huoshwa na kukaushwa mara moja, ingawa haivutiki. Ngozi ya mnyama hudumu, lakini ikiloa na kukauka hugeuka ngumu. Anayefanya kazi majini na achague kinachooshwa kwa urahisi, na ngozi ya mkono ikaushwe kila jioni.

5. Joto. Magango mengi ya hospitali hufinyangwa kwa plastiki inayolainika katika maji yenye joto la nyuzi 60 hadi 75 za Selsiasi. Gango la namna hiyo likiachwa karibu na mafiga, au ndani ya gari lililofungwa juani, hupotea umbo lake.

6. Urahisi. Mgonjwa aweze kulivaa na kulivua kwa mkono mmoja bila msaada. Gango lisilovalika halina faida, hata kama limetengenezwa kwa ustadi wa namna gani.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye maumivu ya uchakavu anaweza kufanya jaribio dogo. Shina la kidole lizungushiwe bandeji ya kawaida, ipite kiganjani na kuzunguka kifundo kwa umbo la tarakimu nane, bila kukaza sana. Ikiwa kubana vitu kunauma kidogo kuliko awali, yaelekea gango litamsaidia. Ikiwa hakuna tofauti yoyote, ni busara kuuliza kwanza kwa mtaalamu.

Majaribio ya kitaalamu yamesema nini?

Sayansi haikubali jambo kwa sababu linaonekana la busara, hulijaribu. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya jaribio la watu 112 wenye uchakavu wa shina la kidole gumba. Nusu walipewa gango la kuvaa usiku lililotengenezwa kwa kipimo cha kila mtu, na wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwezi mmoja hakukuwa na tofauti ya maumivu; baada ya miezi 12 waliovaa gango walikuwa na maumivu machache na mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi.

Mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya jaribio la Uingereza lililowahusu watu 349. Wote walifundishwa mazoezi ya mkono na namna ya kupunguza mzigo wa kiungo. Baadhi wakaongezewa gango la kweli, na wengine gango bandia lisiloshikilia kiungo. Baada ya majuma nane makundi yote yalikuwa na maumivu yanayokaribiana.

Je, majaribio haya yanapingana? Si lazima. La kwanza lilikuwa la gango la usiku na la mwaka mzima. La pili lilikuwa la majuma machache, na kila mtu ndani yake alikuwa amepewa mafunzo. Fundisho la yote mawili ni kwamba gango ni msaidizi. Msingi ni kupunguza mzigo na kuimarisha misuli. Kwa sababu hiyo haipasi mkulima auze mbuzi ili anunue gango la bei kubwa, huku akiendelea kukibana kisu chembamba kwa nguvu zilezile.

Hapa ndipo hesabu ya nyenzo inapoleta manufaa. Ikiwa kilo moja ya mbano huwa kilo 12 shinani, basi kila kilo moja inayopunguzwa kwenye ncha humwondolea mwenye kidole kilo 12. Mpini mwembamba wa mundu au wa kisu ukizungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi unenepe, mkono hauhitaji kubana sana. Nguo hukamuliwa kwa kuizungusha kwenye bomba badala ya kuipotoa kwa vidole. Ndoo hubebwa kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole. Mabadiliko hayo hayana gharama.

Gango pia lisivaliwe saa 24 kila siku pasipo agizo la mtaalamu. Msuli usiotumika hunywea. Mwenye uchakavu huvaa gango wakati wa kazi inayouma au wakati wa kulala, kisha hulivua na kukizungusha kidole polepole, akigusisha ncha yake kwenye kila kidole kingine.

Wakati ambapo gango ni hatari

Kuna hali ambazo gango likivaliwa kabla ya uchunguzi huficha maradhi na kuyapa muda wa kuharibu.

Mtu aliyeanguka na kujitegemeza kwa kiganja, kisha akaumwa katika kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba ambamo watumiaji wa ugoro huuweka ugoro wao, huenda amevunjika mfupa wa skafoidi. Mfupa huo hupata damu kupitia upande mmoja zaidi. Ukivunjika katikati, kipande cha pili huweza kukosa damu na kufa. Tena picha ya eksirei ya siku ya kwanza huweza isionyeshe ufa. Ndiyo maana waganga huufunga mkono kwa plasta ya jasi na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Anayenunua gango laini na kurudi shambani anahatarisha kifundo chake chote.

Aliyekatwa na mundu, akashindwa kukunja au kunyoosha ncha ya kidole, amekatika kano na anahitaji mpasuaji mapema. Kidole kilichovimba kikawa chekundu, chenye moto, na homa juu yake, kina maambukizo. Na mtu ambaye viungo vingi vya mikono yote miwili huvimba na kukakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu huenda ana baridi yabisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo. Gango humpunguzia maumivu, lakini dawa za hospitali ndizo zinazozuia viungo visiharibike. Aliyepoteza hisia mikononi kwa sababu ya ukoma au kisukari asivae gango gumu bila uangalizi, kwani litamchubua naye asijue.

Huduma za kupima na kutengeneza magango zimepata wataalamu wa nyumbani. Mwaka 1981 chuo cha TATCOT kilianzishwa Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, ili kufundisha mafundi wa viungo bandia na magango, nacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1996 ikaundwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwa mkazi wa Igawa njia huanza karibu zaidi: zahanati kwanza, kisha hospitali za jirani kama Chimala na Ilembula, na baada ya hapo hospitali ya rufaa Mbeya.

Mwalimu wa fizikia anayefundisha nyenzo, na mwenzake wa biolojia anayefundisha mifupa, wanaweza kuliunganisha somo hili kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Na mwanafunzi akirudi nyumbani wakati wa likizo, akamkuta bibi yake anakisugua kidole gumba baada ya kutoka shambani, asikimbilie dukani. Amwombe kwanza amwonyeshe kwa ncha ya kidole kimoja mahali panapouma, na amweleze ni kazi gani inayopaumiza. Kisha achukue tyubu kuukuu ya baiskeli, na aunenepeshe mpini wa mundu.